Wazo la sekretari ni la nani?

Mtu akikushauri uangalie Working Girl atakuambia ni filamu ya mapenzi yenye vichekesho, na hatakuwa amekudanganya. Yumo Harrison Ford wa mwaka 1988, na kuna mahali anabadilisha shati ndani ya ofisi yenye kuta za vioo huku akina dada wa upande wa pili wakimpigia makofi. Mike Nichols, aliyeiongoza, alijua anachokifanya pale: kwa dakika moja mwanaume ndiye pambo la ofisi. Nilicheka sana. Lakini ukiyachomoa mapenzi yote mle ndani, filamu bado inasimama. Ukiichomoa ile lifti ya mwishoni, hakuna kinachobaki.

Basi nianze na lifti. Filamu ina umri wa kutosha, sidhani kama namharibia mtu uhondo.

Tess McGill, anayechezwa na Melanie Griffith, ni sekretari. Anakaa Staten Island, kila asubuhi anavuka kwa kivuko kwenda Manhattan kwenye majengo ya wenye fedha. Shahada anayo, kaisoma jioni kwa miaka mitano, ila waliotoka vyuo vya wakubwa wanaiona kama karatasi ya kufungia karanga. Siku moja anabuni wazo. Kampuni kubwa ya Trask inataka kuingia kwenye utangazaji ili isimezwe na wawekezaji kutoka Japani. Tess anaona kwamba badala ya kuhangaika na televisheni, wanunue redio. Anampelekea bosi wake mpya, Katharine Parker (Sigourney Weaver), aliyemwahidi kwamba kati yao mawazo yatakwenda na kurudi. Bosi anamjibu baadaye kwamba ameliulizia, halikufika popote. Kisha bosi anakwenda likizo, anavunjika mguu kwenye theluji, na Tess anaachiwa kuangalia nyumba. Ni humo nyumbani anakokuta kwamba wazo lake limeshaandaliwa kupelekwa mbele kwa jina la bosi.

Hapo anavaa nguo za bosi, anakalia kiti cha bosi, anajifunza kuongea kama bosi, na kumtafuta Jack Trainer, yaani Ford, kama mtu wa ngazi yake. Mengine unaweza kuyakisia.

Bosi anarudi na magongo, anamwita mwizi katikati ya kikao. Waliomo wanamwamini bosi, kama ambavyo wangefanya popote. Tess anafungasha vitu vyake kwenye boksi. Kabla hajatoka jengoni anabahatika kupanda lifti na mzee Trask mwenyewe, na kwa muda wa ghorofa chache anamweleza wazo lilivyomjia. Alikuwa anasoma habari za Trask kwenye jarida la biashara. Akashika gazeti, ukurasa wa umbea, akakuta habari ya mtangazaji wa redio kwenye shughuli ya hisani ya matajiri. Akafunua ukurasa, akaiona picha ya binti wa Trask, naye yuko kwenye mambo hayohayo ya hisani. Trask, redio, Trask, redio. Vikagongana kichwani. Mzee anamgeukia Katharine na kumuuliza yeye wazo alilipata wapi. Mwanamke mwenye Kiingereza safi, suti safi na kumbukumbu ya kila tarakimu anaanza kubabaika.

Nimeirudia hiyo sehemu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu kilichomwokoa Tess ni umbea. Kama angesoma jarida la biashara peke yake, angejua anachojua Katharine. Ziada yake ilitoka kwenye kurasa ambazo watu wa hadhi ya Katharine wanasoma saluni kwa kujificha, kama wanazisoma kabisa. Filamu inasema kitu ambacho ofisi nyingi hazitaki kukisikia: mtu wa chini hajui kidogo kuliko wewe, anajua mengine.

Naandika haya nikiwa Dodoma, na ningeishi mji mwingine labda nisingeyaandika. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, kisha maisha yakaendelea Dar es Salaam kwa miongo mingi kana kwamba hakuna kilichoamuliwa. Julai 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama, na kweli ofisi zikahama. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na kule Mtumba, njia ya kwenda Dar, ukaota Mji wa Serikali wenye wizara zilizopangwa mstari. Wengi wameandika kuhusu mawaziri na makatibu wakuu waliohama. Kila aliyehama alikuja na sekretari wake, au alimkuta hapa, na hao hawakuandikiwa chochote.

Ukitaka kuona ramani ya madaraja ya watu mjini hapa, panda daladala asubuhi. Wakubwa wanatokea Iyumbu, Njedengwa, Area D, kwenye magari yenye vioo vilivyopandishwa kwa ajili ya vumbi. Akina dada wa kaunta, wa masijala na wa kuchapa wanatokea Nkuhungu na Chang'ombe, na daladala ya Mtumba imejaa hadi mlangoni. Angalia miguuni. Ndala, au raba zilizochoka. Viatu vya kisigino viko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya pochi, au vinalala ofisini kwenye droo ya chini, karibu na majani ya chai. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma unavuma na mchanga wake, na hakuna kiatu cheusi kinachofika Mtumba kikiwa cheusi. Kwa hiyo Tess na wenzake waliposhuka kwenye kivuko na soksi nyeupe na raba, wakaenda kubadilisha viatu kazini, sikuhitaji kuelezwa huo mtindo ni wa nini. Watazamaji wengine wanaucheka kama fasheni mbaya ya miaka ya themanini. Ule ni mpaka: upande huu miguu ni yako, upande ule ni ya mwajiri.

Kuna mpaka mwingine wa kwetu ambao Nichols asingeweza kuupata hata angeutafuta. Katharine ni mdogo kidogo kuliko Tess, na filamu inaligusa hilo kwa sentensi moja ya aibu, inapita. Kwetu haipiti. Chukua afisa wa miaka 28, katoka chuo juzi, kapewa kitengo cha kusimamia, na sekretari wake ni mama wa miaka 50 anayejua kila jalada lilipo. Asubuhi wanakutana koridoni. "Shikamoo mama." "Marahaba, bosi." Halafu mama anakwenda kuweka maji ya chai. Salamu imemweka juu, cheo kimemshusha, na yote yametokea kwa pumzi moja bila mtu kuona ajabu. Sijui filamu gani ingeweza kubeba vichekesho vya hiyo koridoni. Ningelipa kuiona.

Tena tusisahau huyo mama ana ujuzi gani. Matangazo ya ajira za serikali kwa kada hiyo, ambayo siku hizi yanamwita Mwandishi Mwendesha Ofisi, yanadai stashahada ya uhazili na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika. Lugha mbili. Huyu ni mtu aliyefundishwa kusikiliza kuliko yeyote mle ndani. Kila barua ya bosi imepita mikononi mwake, kila dokezo, kila andiko la mradi kabla halijapendeza. Na kwenye kikao ndiye pekee asiyetazamiwa kuwa na maoni.

Sasa niwape kisa. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye mradi mmoja hapa mjini, mradi wa wafadhili, wa kilimo. Siutaji. Tulikuwa na sekretari, dada mtulivu, mwenyeji wa upande wa Hombolo, wazazi wake wana shamba la zabibu. Anayeijua Dodoma anajua hadithi ya zabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, sehemu chache duniani zinaweza kusema hivyo, na bado mkulima analia. Zabibu zinaiva kwa mpigo. Zikishaiva hazikungoji. Viwanda vya mvinyo vikichelewa kununua, au vikisema vimejaa, unabaki na ndoo barabarani ukiwauzia abiria wa mabasi kwa bei wanayoitaka wao.

Andiko letu lilikuwa linaomba fedha za kufundisha wakulima kupogoa. Wakulima wa Hombolo kufundishwa kupogoa! Dada akalichapa lote, kurasa kwa kurasa, kama alivyoagizwa. Kisha pembeni ya nakala ya rasimu, kwa penseli, akaandika mistari michache: kupogoa wanajua, wanachokosa ni muda, wapeni mashine ya kukamua kijijini, ya kikundi, wauze mchuzi wa zabibu badala ya zabibu zenyewe, maana mchuzi unaweza kusubiri bei kwenye tangi na zabibu haiwezi kusubiri kwenye mti. Akairudisha rasimu mezani kwa bosi bila kusema neno.

Niliiona ile rasimu kwa macho yangu, kwa kuwa ilipitia kwangu nihakiki bajeti. Mwandiko wake ulikuwa ule wa waliosoma uhazili zamani, umelala kulia, herufi zimeshikana mikono.

Siku ya kikao na wafadhili, bosi akasimama. Alikuwa mtu mzuri, nasema kweli, si jambazi. Akazungumza juu ya muda. Akasema tatizo la mkulima wa zabibu si ujuzi, ni muda. Akaeleza mashine ya kikundi, tangi, bei. Wageni wakaandika. Mmoja akasema hilo ndilo wazo bora alilolisikia wiki nzima. Na dada wakati huo alikuwa anazunguka meza na chupa ya chai, anamimina, anasogeza sahani ya sambusa, anamuuliza mgeni kama anatumia sukari. Nilimwangalia usoni. Hakubadilika hata kidogo. Kwenye kikombe cha bosi alimimina kama kawaida, akaacha nafasi ya maziwa kama anavyopenda bosi.

Kwenye filamu, Trask anauliza wazo lilitoka wapi. Kwenye kikao chetu hakuna aliyeuliza. Sidhani kama kulikuwa na njama. Ni kwamba hilo swali halimo kwenye ratiba ya kikao. Kuna kufungua, kuna wasilisho, kuna maswali kuhusu bajeti na viashiria, kuna picha ya pamoja. Laiti mgeni mmoja angeuliza, "Umelijuaje hili?", bosi angelazimika kusimulia asubuhi ya mavuno ambayo hajawahi kuwepo: baba anahesabu ndoo, gari la kiwanda halionekani, nyuki wameanza kujaa kwenye vichane. Asingeweza. Tokeo la wazo unaweza kulinakili usiku mmoja. Njia iliyolifikisha hapo ni ya aliyeitembea, na hilo Kevin Wade, mwandishi wa hiyo filamu, alilijua vizuri kabisa hata akaliweka liamue kesi nzima.

Nina ugomvi na filamu hii, hata hivyo, na si mdogo. Ni kuhusu Katharine.

Tazama namna wanaume wa mwanzoni wanavyomfanyia Tess. Bosi wake wa kwanza anamtuma kwa mwanaume fulani akimdanganya kwamba ni usaili wa kazi, kumbe ni mtego wa kitandani. Adhabu yao? Tess anamwaibisha bosi kwenye ubao wa taarifa za soko, tunacheka, wanaume hao wanatoweka kwenye filamu wakiwa na ajira zao. Katharine ameiba wazo, na kwa hilo anadhalilishwa mbele ya kadamnasi, anafukuzwa, na Trask anamtukana kiungo cha mwili hadharani huku muziki ukitutaka tufurahi. Hasira yote ya filamu kuhusu madaraja imebebeshwa mwanamke mmoja. Wenye kampuni, walioyajenga hayo madaraja, wanatoka kama mababu wema. Mzee Trask ni tajiri anayemsikiliza sekretari kwenye lifti, hivyo mfumo ni mzuri, uliharibiwa na dada mmoja mwenye kiburi.

Naipinga hiyo nikiwa katika mji ambao Bunge lake limeongozwa na Anne Makinda na baadaye Tulia Ackson, na nchi ina Rais mwanamke tangu Machi 2021. Mabosi wanawake nimewaona wa kila aina. Wapo wanaokwapua kazi ya walio chini yao, sawa na wanaume, na wapo waliowasukuma sekretari wao wakasome Chuo Kikuu Huria na kuwasainia fomu za ruhusa. Kinachonichosha ni maneno ya mtaani kwamba mwanamke ndiye adui wa mwanamke kazini. Nimeyasikia yakisemwa na wanaume wanaoletewa chai na wanawake.

Ajabu ni kwamba Weaver mwenyewe ameliokoa jukumu. Anamcheza Katharine kwa utamu wa kutisha. Ukimsikiliza anavyompa Tess ushauri wa mavazi siku ya kwanza, na wewe ungemwamini. Mwaka huo aliteuliwa Oscar mara mbili, kwa hii na kwa filamu nyingine, akakosa zote. Working Girl iliteuliwa kwa tuzo sita, ikaondoka na moja, ya wimbo wa Carly Simon unaoifungua filamu kivuko kikikata maji. Nao ni wimbo wa haki; hata asiyejua Kiingereza ataamka nao.

Aliyeteuliwa pamoja na Weaver kwa jukumu la msaidizi ni Joan Cusack, anayemcheza Cyn, shoga yake Tess, na kwangu huyu ndiye moyo wa filamu. Rangi ya macho iliyopakwa hadi nyusi, nywele zimepanda kama zinakwenda kupokea mgeni. Ndiye anayemkata Tess nywele aonekane mtu wa maana. Ndiye anayejifanya sekretari wake Jack akija ofisini. Akiona bei ya gauni la bosi ambalo Tess anataka kulivaa, dola elfu sita, anashangaa si hata la ngozi. Na ndiye anayemwambia, kwa upendo, kwamba kuimba chumbani hakukufanyi uwe Madonna. Watu wanalisoma hilo kama woga wa maskini. Mimi nalisoma kama hesabu ya mtu anayejua nani atakayemlipia Tess kodi ya nyumba wakimkamata. Kila anayepanda kwa kuigiza ana mtu nyuma anayebaki kushikilia ngazi, na huyo akishikwa hana Harrison Ford.

Mwishoni Tess anapata kazi kwa Trask. Asubuhi ya kwanza anamkuta mwanamke kwenye simu ndani ya ofisi, anadhani ndiye bosi, kumbe huyo ni sekretari wake na ofisi ni ya kwake. Anamwambia kahawa hatamwagiza, labda kama mwenyewe anaenda kujichukulia. Anampigia Cyn, na kule chumba kizima cha masekretari kinalipuka kwa shangwe. Halafu kamera inarudi nyuma, nyuma, mpaka dirisha la Tess linakuwa moja kati ya mamia kwenye jengo, huwezi tena kulitofautisha. Wengine husema ni ushindi. Nichols hakuwa mjinga. Nadhani alitaka tuhesabu madirisha, na tujiulize Cyn yuko ghorofa ya ngapi.

Yule dada wa zabibu sasa ni afisa. Alisoma, akaomba kubadilishiwa kada, barua ikazunguka kwa muda unaoujua kama umewahi kuwa mtumishi, hatimaye ikajibiwa. Yuko ofisi nyingine kabisa, na analalamika kwamba hana sekretari, anajichapia kila kitu. Nilimpa filamu kwenye flashi, akaiangalia na wanawe Jumapili. Nilitegemea ataniambia kitu kuhusu lifti. Kumbe alikuwa amekwama mbali na hapo, kule nyumbani kwa Katharine, Tess alipokuta wazo lake limeandikwa kwa jina la mwingine.

"Sasa huyo naye," akaniambia, "sekretari mzima, ushahidi ameushika mkononi, kwa nini hakutoa fotokopi?"